Nondo wa luseni: Adui wa pamba anayelala mchangani

*Kwa miongo mingi amewindwa kwa bomba la dawa. Makala haya yanamfuata alikojificha, vidole vinne chini ya mchanga.*

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

CHUKUA shamba la pamba la ekari mbili wilayani Kishapu, mwezi Machi, mvua ikiwa imekatika siku tatu. Miche imefika kiunoni. Maua yenye rangi ya maziwa yameanza kugeuka waridi na vitumba vimejaa. Mkulima alipita juzi na bomba mgongoni, na chini ya mashina wanaonekana viwavi wachache waliokauka. Kwa macho, kazi imekwisha.

Sasa piga magoti ufukue chini ya shina kwa mkono. Nguvu haihitajiki, udongo wa hapa ni luseni, mchanga uliomong'onyoka kutoka kwenye miamba ya itale, unaopita katikati ya vidole kama chumvi ya mawe. Vidole vitatu kwenda chini, pengine vinne, kinatokea kitu cha kahawia kinachong'aa, hakina miguu wala mdomo. Ukikishika kiganjani, ncha yake ya nyuma inazunguka, kama inakataa kuamshwa.

Dawa ya juzi haikumgusa.

Huyo ni funza wa vitumba, akiwa katikati ya kugeuka nondo. Zikipita wiki mbili hivi atapanda juu usiku, atakausha mbawa kwenye kijiti chochote kilicho karibu, na kabla mkulima hajamaliza kulipia dawa ya kwanza, mayai mapya yatakuwa yameshatagwa kwenye majani yaleyale.

Nondo wa aina mbili

Neno lenyewe lina mchezo. Ingia duka la vifaa vya ujenzi Kahama mjini ukaulize nondo. Muuzaji atataka kujua za milimita ngapi, kumi au kumi na mbili, na kama unapandisha ghorofa. Nondo wa pili, yule mwenye mbawa za unga, wengi humwona ni kipepeo wa usiku tu na kumwacha agonge taa mpaka achoke. Hata wakulima wa pamba hawamtaji sana kwa jina hilo. Wanamtaja kwa jina la mtoto wake, funza. Wanasayansi humwita *Helicoverpa armigera*.

Kwa sura hana ajabu. Mbawa zikikunjuliwa zina upana wa sentimita 3.5 hadi 4. Dume ni kijivu kinachokaribia kijani, jike ni hudhurungi. Mchana hutulia chini ya majani. Jua likizama huamka, hufyonza maji matamu ya maua, na jike huanza kutaga, yai moja hapa, jingine pale. Katika maisha yake mafupi mayai yanaweza kupita 1,000. Huko kutawanya kuna sababu: viwavi wa aina hii wakikutana hulana.

Yai huanguliwa baada ya siku tatu hivi. Kiwavi huonja majani machanga, kisha hutoboa kitumba, huingiza kichwa ndani na kuacha mkia nje. Angekimaliza kitumba kimoja hasara ingehesabika. Hamalizi. Hula kidogo, huhama, hutoboa kingine, na huendelea hivyo kwa wiki mbili hadi tatu. Kitumba kilichotobolewa kikiwa kichanga huanguka, na kilichoanguka hakifiki kwenye mizani ya chama cha msingi.

Wasiolima pamba nao wasicheke. Mdudu huyuhuyu hula mahindi, mtama, nyanya, maharage, alizeti na dengu. Orodha ya mimea anayoila inazidi 100.

Msukuma na majina ya udongo

Ili kumwelewa nondo huyu lazima kwanza kuuelewa udongo, na hapo Usukuma haina mwalimu wa kutoka nje. Juu kabisa, kwenye majabali, kuna luguru. Chini kidogo kikungu, udongo mwekundu. Kisha luseni, mchanga. Kisha itogolo, udongo mgumu ambao wakati wa kiangazi jembe hudunda juu yake kana kwamba umelima sakafu. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka nyufa kiangazi na kunasa miguu ya ng'ombe masika.

Katikati ya miaka ya 1930, mwanakemia wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani, Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, kwa Kilatini mnyororo. Wanafunzi wa sayansi ya udongo duniani kote bado wanalisoma neno hilo. Wazee wa Usukuma walikuwa wameshalima juu ya mnyororo huo vizazi kadhaa, kila pete yake ikiwa na jina.

Kwa nondo, mnyororo huo ni kalenda. Mvua za kwanza zikinyesha Oktoba au Novemba, mahindi na mtama hutangulia kuota, na pembeni mwa mashamba mgagani huchipua bila kupandwa. Hapo ndipo vizazi vya mwanzo vya funza hulelewa. Pamba iliyopandwa Novemba na Desemba ikianza kutoa vitumba, mahindi yanakauka, na nondo huhamia kwenye pamba. Mvua zikielekea ukingoni, mkulima hushuka mbugani kupanda dengu kwenye unyevu uliobaki. Nondo naye hushuka.

> Mahindi, mgagani, pamba, dengu: mkulima anabadilisha mazao, nondo anabadilisha sahani.

Mtafiti wa Kitanzania Brigitte Nyambo aliueleza uhusiano huo katika utafiti wake kuhusu magharibi mwa Tanzania uliochapishwa 1988. Alionyesha kuwa wingi wa funza kwenye pamba hutegemea sana kilichotangulia kuota jirani, mahindi, mtama na huo mgagani, mboga ambayo mama wa nyumbani wa Shinyanga huichuma bila kujua kwamba ni kitalu cha adui wa pamba ya mumewe.

Chumba chini ya shamba

Kiwavi akishashiba hushuka kwenye shina au hujiangusha, kisha huchimba. Udongo ukiwa mgumu huishia sentimita mbili au tatu. Ukiwa laini huteremka zaidi, hata kufika kumi. Huko chini hujitengenezea chumba chenye umbo la yai na kuzisawazisha kuta zake kwa uzi anaoutoa mdomoni, mchanga usije ukamfunika.

Halafu anafanya jambo ambalo fundi yeyote wa nyumba angelipongeza. Kabla hajalala, hutengeneza mlango wa kutokea, njia nyembamba inayopanda kutoka chumbani hadi karibu na uso wa ardhi. Anaiandaa akiwa bado kiwavi mwenye taya za kuchimbia, kwa sababu nondo atakayetoka hatakuwa na taya hata moja. Ndipo hujivua ngozi na kuwa pupa, neno ambalo kwa Kiswahili lina maana pia ya haraka na tamaa, ingawa mwenyewe hana haraka yoyote.

Penye joto la kutosha pupa hukaa wiki mbili hivi. Kwenye nchi zenye majira ya baridi anaweza kulala miezi. Siku ikifika ganda hupasuka, na nondo hupanda kwa njia ileile mbawa zikiwa bado laini kama karatasi iliyolowa. Njia ikiwa imebomoka, hatoki. Hufia humo.

Jambo hili si geni kwa wataalamu wa Kanda ya Ziwa. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kimekuwa kikishughulikia pamba tangu miaka ya 1930, na mbegu maarufu kama UK91 na UKM08 zimebeba herufi za jina lake. Mwaka 1965, mtaalamu wa wadudu W. Reed alichapisha kazi ya sehemu mbili kuhusu funza wa vitumba katika Tanganyika ya Magharibi. Sehemu ya kwanza ilitilia mkazo hatua moja ya maisha yake, nayo ni pupa. Zaidi ya nusu karne imepita, na mazungumzo ya vijijini kuhusu mdudu huyu bado ni ya dawa gani na chupa ngapi.

Jamaa zake wa mbali

Mchanga na nondo ni marafiki wa zamani, si Usukuma peke yake. Kwenye vilima vya mchanga vya pwani za Ulaya yuko nondo aitwaye *Agrotis ripae*, ambaye kiwavi wake hutoka usiku kula mimea ya ufukweni na mchana hujifukia mchangani. Hali kadhalika baridi inapoingia. Ni ndugu wa karibu wa sota, yule mkata miche ambaye mkulima wa Tanzania humkuta asubuhi amejikunja chini ya mche alioulaza usiku.

Marekani, katika jimbo la New Mexico, kuna jangwa la vilima vyeupe vya jasi liitwalo White Sands. Mtaalamu Eric Metzler alianza kutega taa huko 2007 na kugundua makumi ya spishi za nondo ambazo sayansi haikuwa imezirekodi. Wengi wao ni weupe, au wamefifia kuliko ndugu zao wa nje ya jangwa.

Nondo wa luseni hakufika mbali hivyo. Hajabadilika rangi, wala mchanga si makazi yake pekee. Angeweza kuishi kwenye udongo mwingine, na anaishi. Anachokipata luseni ni wepesi wa kuchimba. Na wepesi huohuo, ndiyo hoja ya makala haya, ni silaha ambayo mkulima anayo mkononi bila kuitumia.

Bomba na ekapaki

Msimu wa dawa vijijini una lugha yake. Bomba la mgongoni wengi huliita solo. Dawa huja kwa ekapaki, kichupa chenye kipimo cha ekari moja, na husambazwa chini ya usimamizi wa Bodi ya Pamba kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS. Ushauri wa kitaalamu ni kukagua kwanza shamba, kuhesabu mayai na viwavi kwenye miche kadhaa, kisha kupiga dawa ikiwa idadi inatisha. Wengi hawahesabu. Ekapaki ikifika, inapigwa. Ikichelewa, funza hasubiri.

Kasoro kubwa zaidi ni ya kijiografia, kama neno hilo linaruhusiwa kwa shina la mpamba. Dawa inatua juu ya jani. Kiwavi mdogo hufa. Kiwavi mkubwa, kichwa kikiwa ndani ya kitumba, hupata kidogo tu. Pupa, sentimita kadhaa chini ya mchanga, hapati kitu. Kila dawa inapokauka, shamba hujazwa upya kutoka chini.

Kwingineko duniani waliojaribu kuziba pengo hilo kwa kuongeza dawa waliishia pabaya. Mwaka 1983, huko Emerald, jimbo la Queensland, Australia, dawa za kundi la pairethroidi zilishindwa waziwazi dhidi ya funza huyuhuyu kwa sababu ya usugu. Katikati ya miaka ya 1990 hali hiyo ikajitokeza Afrika Magharibi. Waaustralia walirudi kwenye plau. Wakulima wao wa pamba hulima mashamba baada ya mavuno, hadi kina cha sentimita 10, kwa lengo moja tu la kubomoa vyumba vya pupa waliolala majira ya baridi.

Septemba 15

Tanzania nayo ina sheria inayohusu nondo wa pamba, ila inamlenga nondo mwingine. Kila msimu wakulima wa Kanda ya Magharibi ya pamba hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia ya pamba ifikapo Septemba 15. Anayewindwa hapo ni funza wa waridi, *Pectinophora gossypiella*, mdogo zaidi, ambaye kiangazi hujificha ndani ya mbegu na vitumba vilivyobaki kwenye mashina. Ukichoma masalia, umemchoma.

Kwa huyu ndugu yake mkubwa, moto unapita juu ya paa. Nondo wawili, maficho mawili, sheria moja.

Na hata hiyo moja haitekelezwi kwa moyo. Oktoba ukipita barabara ya Maganzo kuelekea Mhunze utaona mashina yamesimama makavu, mengine yamebeba vitumba vilivyokunjamana. Ni rahisi kusema wakulima ni wavivu, na viongozi wengine husema hivyo mikutanoni. Ukweli una sura nyingine: shina la mpamba ni kuni.

Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Enzi za ukoloni misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o, baadaye ikafyekwa kwa ajili ya pamba na mifugo. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru mkoa na kushtushwa na hali ya ardhi. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha heshima ya ngitili, utaratibu wa jadi wa Wasukuma wa kutenga malisho na miti. Mradi ulipofungwa 2004, ngitili zilikuwa zimetoka takriban hekta 600 hadi zaidi ya hekta 300,000. Ni mafanikio makubwa. Hata hivyo jiko halikomi kuhitaji kuni, na mama anayeambiwa achome shambani kile ambacho angekichoma jikoni ana haki ya kuuliza maswali.

Suluhisho la kati lipo na si la gharama: mashina yang'olewe kwa tarehe, vitumba vilivyobaki vipukutwe na kuchomwa, miti mikavu ibaki kuwa kuni. Ila hiyo ni kazi ya mikono, na mikono ndiyo iliyoadimika.

Duara hulipa leo

Kutoka Shinyanga kwenda magharibi, mandhari hubadilika polepole kuwa ya dhahabu. Kahama, Bulyanhulu, kisha Geita, ambako dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, ikapumzika, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa 2000. Buzwagi, jirani na Kahama mjini, ulifunguliwa 2009 na kumaliza uzalishaji 2021. Pembeni ya migodi hiyo, Nyarugusu, Mgusu, Rwamagasa na kwingineko, wachimbaji wadogo wana uchumi wao: maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, makarasha yanayosaga mawe, mialo ya kuoshea, na vilima vya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa unaosubiri kuchenjuliwa tena.

Vilima hivyo ndivyo vitu vinavyofanana zaidi na matuta ya jangwani katika ukanda huu. Nondo wetu hana haja navyo. Mchanga anao, tena mwingi, lakini juu yake hakuna jani, na kiwavi hali mchanga.

Anachonufaika nacho ni kitu kingine. Tetesi za rashi mpya ya dhahabu zikisikika, kijana wa Kishapu au Msalala hawezi kubaki kwenye palizi ya tatu. Pamba inalipa mara moja kwa mwaka, baada ya soko kufunguliwa, na bei huijui mpaka siku hiyo. Duara likikubali, hulipa jioni. Wanaobaki na jembe ni kina mama, wazee na watoto wakitoka shule.

> Palizi inayorukwa Januari na Februari ndiyo palizi ambayo ingebomoa vyumba vya nondo.

Hapa ndipo dhahabu na nondo, mambo mawili yasiyofanana, yanapokutana. Kwa kuwa pupa wa hapa wengi hawalali muda mrefu, kulima baada ya mavuno kama Waaustralia kunasaidia tu ikiwa kunafanyika mapema, mara pamba ya mwisho inapochumwa, si kusubiri mvua za Oktoba. Jembe linalomuuma zaidi ni la palizi: kwenye mahindi vizazi vya mwanzo vikiwa ardhini, kisha kwenye pamba yenyewe. Kila jembe linalopita karibu na shina kwa kina cha kiganja huziba njia, huvunja vyumba, na huwatoa pupa juu, waliwe na kuku, ndege na siafu. Kwenye itogolo kazi hiyo ni adhabu. Kwenye luseni ni kazi ya asubuhi mbili kwa ekari, ikiwa wapo watu.

Isisemwe kwamba dhahabu ni laana kwa pamba. Zipo plau na jozi za maksai Usukuma zilizonunuliwa kwa fedha ya duara. Lakini fedha hiyo huja ikiwa imechelewa wiki kadhaa, na funza huhesabu siku.

Alizeti za Meatu

Wapo waliochagua njia isiyo na ekapaki. Meatu, wilaya iliyokuwa sehemu ya Shinyanga kabla Mkoa wa Simiyu haujaundwa 2012, kuna wakulima wa pamba ya kilimo hai wanaofanya kazi na kampuni ya bioRe, yenye kituo chake Mwandoya, ambayo ilianza shughuli 1994 ikishirikiana na kampuni ya Remei ya Uswisi. Hawa hawapigi dawa za viwandani. Hupanda mistari ya alizeti ndani ya pamba ili nondo atage huko anakopenda, na kwenye alizeti hizo sisimizi na wadudu wengine hujazana kumla funza. Wengine hutumia mwarobaini.

Hoja yao inavutia kwa sababu haiishii juu ya jani. Dawa haichagui: inayoua kiwavi huua pia sisimizi, nyigu na nzi wanaotaga ndani ya viwavi, na jeshi hilo ndilo linalofanya kazi usiku na mchana bila kulipwa. Wanaowapinga huuliza kuhusu mavuno, nao hawajakosea: mwaka wa mlipuko, alizeti haitoshi. Jirani anayepiga dawa naye humwona mkulima wa kilimo hai kama mfugaji wa funza.

Mbegu iliyosimamishwa

Upande wa tatu unasema tatizo limalizwe ndani ya mbegu. Kenya iliidhinisha Desemba 2019 kilimo cha pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba ili itengeneze yenyewe sumu inayoua funza. Tanzania ilielekea kwingine. Majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yaliyoanza 2016 Makutupora, Dodoma, yalisitishwa kwa agizo la serikali Novemba 2018, na Januari 2021 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kufuta utafiti wa aina hiyo.

Mjadala huo huwashwa kwa hisia kuliko kwa hesabu. Wanaoitaka mbegu hiyo husahau kutaja kwamba India, iliyoikumbatia kwa wingi, ilithibitisha ndani ya takriban miaka kumi kuwa funza wa waridi wa jimbo la Gujarat amekwisha kuizoea. Wanaoikataa nao husahau kutaja kwamba ekapaki si maji ya mvua. Na kambi zote mbili zinazungumzia jani na kitumba. Hakuna anayezungumzia mchanga.

Nani amepewa mchanga?

Kinachopotea si kidogo. Msimu wa 2005/06 Tanzania ilivuna takriban tani 376,000 za pamba mbegu. Msimu wa 2020/21 zilikuwa karibu tani 122,000. Nondo hakuyafanya hayo peke yake. Mvua, bei na malipo yaliyochelewa vimo. Lakini mkulima anayevuna kilo 200 hadi 300 kwa ekari, mahali ambapo mtaalamu humwambia angeweza kufikisha 1,000, amepoteza sehemu ya tofauti hiyo chini ya mashina yake mwenyewe.

Tangu 2017 hoja imekuwa nzito zaidi. Viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka huo, wanaokula mahindi ya mkulima huyuhuyu, nao hushuka mchangani kugeuka nondo. Jembe moja, maadui wawili.

Bodi ya Pamba ina ekapaki. Halmashauri zina tarehe ya Septemba 15 na faini zake. Mchanga haujakabidhiwa kwa mtu. Maofisa ugani wanapopanga mafunzo ya msimu ujao, palizi ya kina kwenye luseni iwekwe kwenye ratiba ya kudhibiti wadudu, kando ya dawa, na si kwenye ukurasa wa magugu. AMCOS zinazokopesha dawa zikopeshe pia siku za vibarua wa palizi, Januari na Februari, wakati kijana yuko kwenye duara na mama amebaki peke yake shambani. Siku mbili za jembe kwenye ekari moja ya luseni ni gharama ambayo chama cha msingi kinaweza kuikata kwenye mizani kama kinavyokata ya ekapaki.